Kaburi la Mtu Asiyezaliwa

Kaburi lile lilikuwa mbao na plasta tupu. Watu wa tamthilia ya televisheni walilijenga juu ya sakafu ya mawe, katika ua wa Bi Nermin katika mji mdogo wa Mudurnu, wakaondoka bila kulibomoa. Wageni walipolimwagia maji, kama tunavyowamwagia wafu wetu, maji yalitiririka hadi mferejini. Alhamisi moja, adhuhuri, Nermin aliona hayatiririki. Ndoo nzima ilimezwa, na sakafu ikabaki kavu.

Aliogopa, kwa sababu alijua alichokifanya.

Akina mama walikuwa wakija kwa mabasi kumlilia Zerrin, binti wa kwenye tamthilia aliyekufa kwa kifua kikuu. Walijua ni maigizo, lakini walilia hivyo hivyo, kisha wakanywa chai na kucheka. Nermin, mjane ambaye miaka mitatu hakubishiwa hodi, aliwapenda. Ndipo akaja Makbule kwa gari lake mwenyewe, mama aliyemzika binti yake wa kweli mwaka uliopita.

"Dada, wafiche wengine, usinifiche mimi," alimnong'oneza. "Huyu msichana aliwahi kuishi?"

Nermin akamhurumia, na huruma isiyo na akili ni balaa. "Aliishi, dada yangu. Amelala hapa hapa."

Makbule akamsomea Fatiha huku akilia kwa shukrani. Akawaambia wengine, nao wakasoma. Kila Alhamisi dua zikamwendea mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Baada ya maji kumezwa, nyumba ilianza kunuka plasta mbichi. Kisha zikaja sauti za nyayo mchana kweupe, zikipanda ngazi taratibu, zikisimama mlangoni pa Elvan, binti pekee wa Nermin, zikingoja, zikisogea tena, mpaka siku moja zikaingia na hazikutoka, na Nermin akabaki jikoni na mwiko mkononi, akiogopa kupanda.

"Elvan, njoo ule, mwanangu!"

Akaita tena.

"Elvan!"

"Elvan ndiye nani?" Sauti ilikuwa laini, ya mtu anayejifunza kusema. "Si ulisema niliishi, mama? Basi nimekuja kuishi."

Siku tatu Elvan hakula wala hakupepesa jicho. Shehe aliyeitwa alimtazama mara moja, akarudi nyuma.

"Jina limeombewa dua, nalo halina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Jini amelipenda, amelivaa. Mimi nitasoma, lakini mlango umeufungua wewe kwa ulimi wako. Kaufunge kwa ulimi huo huo, mbele ya uliowadanganya."

"Wataniona mwongo, shehe."

"Kwani wewe si mwongo?"

Alhamisi ikafika. Nermin alipiga moyo konde, akashika nyundo mbele ya wanawake thelathini.

"Humu hamna mtu," alisema. "Hamjawahi kuwa na mtu. Niliwadanganya, nisameheni."

Akapiga. Plasta ikapasuka, na ndani mlikuwa na utando wa buibui tu. Juu ghorofani Elvan akapiga yowe, kisha akaita kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, nina njaa!" Nermin akapiga magoti, akilia.

"Huna haya wewe!" wanawake walimfokea. "Unatuchezea sisi na Fatiha?"

Makbule peke yake hakufoka. Alikuwa amegeuza kichwa, kama aliyeitwa. Akaenda polepole hadi kwenye gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akaushikilia.

"Ingia, mwanangu," alisema kwa upole. "Twende nyumbani. Hapa hawakutaki."

Kiti kitupu kikabonyea.

Nermin alikiona. Neno moja tu lingetosha: usimchukue, dada, huyo si mwanao. Mdomo ukafunguka. Lakini nyuma yake Elvan alikuwa ameshuka, amekaa mezani, anakunywa supu kwa pupa, mashavu yake yameanza kurudiwa na rangi.

Makbule alishusha kioo, macho yakimwaga machozi ya furaha. "Mungu akulipe, dada Nermin. Nimempata."

Nermin akafunga mdomo, akampungia mkono mpaka gari likapotea.