Picha ya Chujio

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipanda juu ya paa kuosha chujio la mashine ya maji. Mvua zilikuwa zimeadimika kwa miaka mingi, na kila nyumba mtaani ilikuwa na mashine ya kuvuta unyevu hewani na kuugeuza maji ya kunywa. Chujio lilinasa vumbi. Likichafuka, kamera ndogo iliona, na mashine iligoma mpaka lioshwe.

Chiriku, binti mwenye mdomo usiopumzika, aliichukia kazi hiyo. Basi akalipiga picha chujio likiwa safi, akaichapisha, akaibandika mbele ya kamera. Tangu hapo akawa analala mpaka jua linachomoza.

Haukupita muda, maji yakaanza kunuka kama soksi.

"Chujio ni safi," mashine ikasema kwa sauti tamu.

"Safi wapi wewe!" Baba akafoka. "Nimebadili bomba, nimesugua tangi, bado kunanuka! Dude hili litanitia wazimu!"

"Asante kwa kudumisha usafi."

"Nani kakuomba asante?"

Chiriku akaziba mdomo asicheke.

Kesho yake mdogo wake wa kiume akaanza kutapika. Mama akambeba mbiombio mpaka zahanati. Aliporudi, alikuwa hoi.

"Wanasema ni maji," alisema. "Mtoto hana nguvu hata ya kulia. Na lile limashine bado linatudanganya!"

Chiriku akamtazama mdogo wake, midomo imemkauka.

"Halidanganyi, Mama. Mimi ndiye niliyelidanganya."

Baba akapanda juu, akashuka na picha mkono mmoja na chujio lililoota ukungu mweusi mkono wa pili. "Yaani siku zote hizi nagombana na mashine, kumbe..." Alikaa chini akashika kichwa.

Chiriku alilisugua chujio mpaka vidole vikamuuma. Tangi likamwagwa maji yote, likaoshwa upya. Siku chache baadaye mtoto akaomba uji, akaumaliza.

Mama akamketisha Chiriku karibu naye. "Ungesema umechoka kuosha, ningekugombeza kidogo, yakaisha. Kamera inaamini chochote unachoionyesha, mwanangu. Tumbo la mdogo wako halidanganyiki. Kazi usiyoifanya, sema hukuifanya, ili mwingine aifanye kabla mtu hajaumia."