Minyororo ya Sitaha ya Magari

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu tunayemwita Chuma, na mwanamke huyo hana tabia ya kutia chumvi.

Ujana wake wote uliishia kwenye meli moja kubwa ya abiria na magari. Kila bahari ilipotarajiwa kuchafuka, yeye ndiye aliyeyafunga malori kwa minyororo. Meli ilipewa jina jipya kila ilipouzwa, lakini Chuma alibaki. Mwishowe ikanunuliwa na wakata vyuma, ikavutwa hadi mchangani ikatwe vipande, na Chuma akaajiriwa nao.

"Minyororo bado mizima, kaitoe," bosi akamwambia.

Wenzake waligoma. "Kule chini kuna sauti, dada."

"Hata tumbo langu lina sauti," akajibu, akachukua tochi.

Nje jua liliwaka, ila sitaha ya magari ilikuwa giza totoro. Akaikokota minyororo yote, akairundika mlangoni, kisha akapanda kuita watu wa kubeba. Akiwa ngazini akasikia chini: krrr, krrr, krrr. Mnyororo unakazwa. Mlio huo aliujua kama kilio cha mwanawe.

Mwingine angetimua mbio. Chuma alirudi. "Nani anafunga bila ruhusa yangu?"

Akamulika. Rundo halikuwepo. Minyororo ilisimama safu kwa safu, ncha moja sakafuni, nyingine juu, imeshika hewa tupu.

Kwa hasira akaukamata mmoja, akauvuta. Haukulegea hata kidogo. Na mkononi mwake, ingawa meli ilikaa juu ya mchanga mkavu, alihisi uzito wa lori lililojaa ukiyumba taratibu, kushoto, kulia, kushoto.