Nisomee Jina Lake

Mimi si mwoga. Waulize wenye vibanda wenzangu hapa Mikinduri, watakwambia mdomo wangu ndio askari wa soko zima. Lakini leo saluni yangu haijafunguliwa, na wateja wanadhani naumwa.

Ilianza wiki jana, jioni, stima ikiwa imepotea. Nilikuwa nimemaliza kumsuka Kinya, ambaye ameolewa Siakago na alikuwa amekuja kutembea. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu aliilinda kwa kila njia. Hata nywele zilizonasa kwenye kitana hakutaka zitupwe. Mwenye nia mbaya akiziokota, kwisha. Nilizifunga kwa gazeti, lakini mumewe akapiga honi nje, Kinya akatoka mbio akazisahau.

Nikaanza kufagia.

Harufu ikanijia. Nywele zinazoungua... na mashine zangu zote zilikuwa baridi.

"Hodi, mwanangu."

Mwanamke alisimama mlangoni, leso imemfunika hadi kwenye nyusi. "Nimekuja kuchukua nywele za msichana wangu, Kinya."

Sikumjua mama yake Kinya kwa sura, maana zamani alikuwa akingoja nje, Kinya akimpelekea. Nikatoa simu. Nina app ndogo ya kuandika mambo ya wateja, haihitaji bando: jina, mtindo, nani ana mba, nani hulia akivutwa. Kwa Kinya nilikuwa nimeandika mwaka jana, "Nywele huchukuliwa na mama." Basi nikamnyooshea kifurushi.

Hakukipokea.

"Nisomee jina lake," akanong'ona. "Lote."

Nikadhani anahakikisha nisimpe za mtu mwingine. Nikamsomea jina la kanisani, la nyumbani, la baba. Midomo yake iliyafuata moja moja, kama mtoto anayefundishwa sala. Akachukua kifurushi, akaenda. Sikusikia viatu.

Haukupita muda, Kinya akaingia akihema. "Kiende, nimesahau nywele zangu."

"Si mama yako amekuja akazichukua?"

Akashika tumbo. "Mama alihamia kwangu Siakago, na tulimzika hukohuko Aprili."

 Nikamwambia labda ni marehemu mwenyewe, amekuja kumlinda mjukuu. Sote wawili tulitamani sana iwe hivyo.

"Alinitaja jina lote?"

"Aliniambia nimsomee."

Kinya akaniangalia. "Hilo jina ni yeye alinipatia. Asomewe ya nini?"

Nilimnyoa palepale kwa wembe, tochi ya simu ikimulika, hadi ngozi, ili zile zilizochukuliwa zikose kichwa cha kushika. Tukazichoma zote kwenye jiko, na mumewe akamrudisha Siakago jioni hiyohiyo. Mtoto bado anacheza tumboni. Kinya hunipigia kila asubuhi kuniambia, nami humshukuru Mungu kwa sauti.

Jana nikachelewa kufunga. Stima ilikuwepo, redio inaimba. Kisha redio ikanyamaza.

Ile harufu.

Sikugeuka. Mkono ulipita kando ya bega langu, ukaweka mezani lile gazeti nililofungia nywele. Lilikuwa tupu.

"Yule amenyoa," sauti ikaniambia sikioni. "Nisomee mwingine."

Nikauma meno nisitoe hata neno. Lakini simu ilikuwa tayari imewaka mkononi mwangu, na jina la mteja wangu Ruguru lilikuwa linasomwa polepole, la kanisani, la nyumbani, la baba...

Na sauti ilikuwa yangu.