Koti Juu ya Sweta ya Shule

Kila asubuhi Wacera alikamua ng'ombe wake, akapeleka maziwa kwenye kituo cha maziwa cha Mweiga. Binti yake, Lynn, alienda shule kwa njia ya nyuma, kando ya mashamba ya viazi. Alivaa koti refu juu ya sweta yake ya kijani. Baridi haikuwa sababu. Mama yake alimwambia aifiche sweta hiyo.

Lynn alisoma katika shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Katika mtihani wa kitaifa, shule kubwa za bweni zilipata wastani wa B. Shule ya Lynn ilipata D. Wacera aliona aibu. Aliwaambia wanawake wa kituoni kwamba Lynn yuko shule ya bweni huko Kangari, na kila muhula akaongeza chumvi.

Jumamosi moja mwanamume alibisha hodi. Alikuwa Mwalimu Nderitu, mwalimu wa darasa la Lynn. Alisema anamtafuta nyanya ya Lynn.

"Mimi ndiye mama yake," Wacera akasema.

Mwalimu alishangaa. "Lynn alituambia anaishi na nyanya yake, na mama yake anauza mbuzi mbali, huko Doldol."

Wacera alimgeukia Lynn. Msichana aliinamisha kichwa.

"Nilisema hivyo ndio usiitwe mkutano, mami. Watu wangekuona huko."

Wacera aliketi. Uongo wa mtoto ulitokana na wake mwenyewe. Alimweleza mwalimu ukweli wote, hata aibu yake juu ya ile D ya shule.

Mwalimu hakumcheka. "Mama Lynn, ng'ombe mmoja anapewa chakula ya duka, mwingine nyasi tu. Utajua mfugaji mzuri kwa kuangalia ndoo peke yake?"

"Hapana. Nitauliza walikuwa wanatoa maziwa ngapi mwanzoni."

"Shule pia uliza hivyo."

Akaeleza kwamba shule kubwa huchagua watoto wenye alama za juu kutoka kila pembe ya nchi. Shule ya kutwa hupokea watoto wa hapa, wengi wakiwa na alama za chini, na jioni wana kazi za nyumbani. Kwa hiyo mzazi aulize watoto waliingia na alama gani na wakatoka na gani. Aulize pia ni wangapi walifanya mtihani, maana shule nyingine huwazuia walio dhaifu. Kisha ailinganishe na shule nyingine inayopokea watoto kama hao.

"Na yetu ikilinganishwa hivyo?" Wacera akauliza.

"Wengi wanapanda. Lakini hesabu bado iko chini, sikufichi. Na Lynn anasinzia darasani, ndiyo maana nimekuja."

Wacera alijua sababu. Lynn ndiye aliyekamua jioni. Tangu siku hiyo Wacera alikamua mwenyewe, na Lynn akafanya hesabu mezani. Mkutano wa wazazi ulipoitwa, Wacera aliketi mstari wa mbele. Mwisho wa muhula, Lynn alikuwa amepanda kutoka D hadi C katika hesabu.

Asubuhi moja kituoni, Wacera aliweka mtungi chini. "Lynn hayuko Kangari," akasema. "Anasoma hapa, shule ya kutwa."

 Wanjira, rafiki yake wa zamani, alisema kwa upole, "Tunajua. Shingo ya sweta huonekana kwenye koti. Tulikuwa tunamhurumia mtoto."

Wacera alitamani ardhi ipasuke. Wakati huo huo Lynn alitokea kwenye barabara kubwa, bila koti, akitetemeka kwa baridi. Wacera alimwita kwa sauti, mbele ya wote, aje awasalimu.