Jina Alilolitunga Mwanaharusi

Hafsa alikuwa anapeta mchele uani, adhuhuri kweupe, alipoinua uso akamwambia mama yake, "Mwinyi Matope anakusalimu."

Mwanaharusi aliangusha mwiko. Hapakuwa na jini wa jina hilo. Alilitunga mwenyewe miaka mitatu nyuma, siku aliyojitupa chini kwenye ngoma ya pepo, akakoroma mbele za watu, na mganga akamuuliza pepo wake anaitwa nani. Hakuwa na pepo wala nusu ya pepo. Aliona tope miguuni mwake, akasema Mwinyi Matope, na mji mzima ukaamini.

Ulikuwa wivu tu. Mumewe, Mustapha, alitaka kumwoa Kijakazi, mjane mpole aliyeuza vitumbua pale wanapopandia boti. Basi Mwanaharusi akakaza sauti, akasema, "Kijakazi ndiye aliyenituma." Kesho yake hakuna aliyegusa kitumbua cha Kijakazi. Kisimani wanawake wakimwona walibeba ndoo zao wakaondoka. Akahamia kijiji cha Mbuchi, kando ya mto, akaishi peke yake kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kuamia ndege wa mpunga. Mafuriko yalipokuja yaling'oa dungu, na yeye akiwa ndani. Mwanaharusi alikwenda kwenye hitima yake, akala wali, akaomba aongezewe. Hilo la kuongezewa ndilo lililomchoma mpaka leo.

Hafsa akaacha kula. Hospitali walipima, hawakuona malaria wala nini. Kila adhuhuri nyumba ilinuka tope la mto na vitumbua vinavyoungua, nguzo zikalialia kama zinasukumwa na maji ilhali nje ni jua na vumbi, na Hafsa, binti aliyekuwa haishi kucheka, alikaa kizingitini akikoroma mkoromo uleule aliowahi kuukoroma mama yake, pumzi kwa pumzi, asikosee hata moja.

Wakamwita Mzee Mwinyimvua, mganga. Majirani wakajaa uani, ubani ukafuka.

"Wewe nani? Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Nilikuwa mtoni, sina jina," sauti nzito ilitoka kwa Hafsa. "Huyu mama akaniita, nikaja. Na aseme kwa kinywa chake alichomfanyia Kijakazi. Akisema, namwacha mtoto. Asiposema, Ijumaa naingia naye majini."

Mganga akamwinamia Mwanaharusi, akanong'ona, "Bi mkubwa, kama kuna neno, litoe. Mtoto anakwenda huyu."

Neno lilikuwepo. Lakini Mustapha alikuwa anamtazama, na wale wanawake wa kisimani wote walikuwa wanamtazama, na Mwanaharusi aliona jinsi atakavyopita njiani tangu siku hiyo, ndoo zikibebwa mbele yake, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka, akamwangalia mwanawe anayekoroma, akawaangalia watu, akamwangalia mwanawe tena, na kilichomjia kichwani kilimtia haya hata kabla hajakifanya.

Akajitupa chini. Akakaza sauti.

"Mimi Mwinyi Matope! Nilimsingizia Kijakazi! Yule hakunituma, niliongopa!"

"Allahu Akbar!" watu wakapaza. "Kumbe pepo ndiye mwongo!" Mustapha akaangua kilio. Hakuna aliyemlaumu Mwanaharusi. Mwenzao mgonjwa, atalaumiwa vipi?

Hafsa alikohoa, akatapika maji ya tope, akaketi. Macho yalikuwa yake.

"Mama," aliita kwa sauti yake ndogo. "Mama, nina njaa."

Mwanaharusi alikuwa bado kifudifudi, mchanga mdomoni. Alifurahi, na akaionea haya furaha yake. Amempata mtoto na ameificha aibu, vyote kwa pamoja. Alitaka kuinuka amkumbatie. Mikono haikumtii. Alitaka kuwaambia watu ukweli, sasa hivi, wote, hata wamtemee mate. Ulimi haukunyanyuka. Puani alisikia vitumbua vinavyoungua.

"Naam, mwanangu," kinywa chake kikaitika, kwa ile sauti nzito, na safari hii hakuiigiza.