Kunde Zimekataa Kuiva

Soko la Chikongola Jumamosi asubuhi halina pa kuweka mguu. Nuru, fundi cherehani wa Chuno, alikuwa amechuchumaa akichagua nyanya, gauni lake la kitenge cha manjano limemkaa vizuri kiunoni, mara bajaji ya mizigo ikamkanyagia kikapu.

"Wewe kaka, huoni?"

"Nimeona, dada. Tena nimeona kupita kiasi, ndiyo maana usukani umenipotea."

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Huyo ndiye Kassimu, muuza maji ya madini, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Akalipa nyanya, akaomba namba ya simu, akapewa.

Basi simu zikawa za asubuhi na jioni.

"Kitendawili, mpenzi."

"Tega."

"Sauti naisikia, sura siioni, moyo unanienda mbio."

"Simu!"

"Umekosa. Nipe mji."

"Haya, chukua Mikindani."

"Nimekwenda Mikindani, nimekula, nimenenepa. Jibu ni Nuru, aliyejificha Chuno!"

Nuru akacheka mpaka uzi ukamkatikia kwenye cherehani.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa ameambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua. Kassimu aliposikia, akaja na dumu la bluu begani.

"Mama, haya yanatoka chemchemi za milimani. Yana chuma, yana zinki, yana magnesiamu. Kunywa tu, damu itarudi."

Mama akaonja. "Mbona kama ya kisima chetu cha kijijini Mpapura, baba?"

"Ndiyo ladha ya madini hiyo, mama."

Mama akaamini. Maini akaacha kununua, dagaa akaacha, kila alichopata kikaishia kwenye madumu. Nuru naye akawa anajisifu kwa mafundi wenzake: "Nimepata mwanamume anayemjali mama yangu."

Ikafika Ijumaa ya posa. Mjomba Salumu akaja kutoka Mpapura, maana kwao mjomba ndiye anayepokea posa. Kwa kuwaheshimu wageni, Nuru hakugusa maji ya bomba. Kunde za nazi alizipikia maji ya Kassimu. Zikachemka tangu asubuhi. Akaongeza kuni, akaongeza maji yale yale, kunde ngumu kama kokoto. Wageni wakatoka msikitini, ikabidi azipakue hivyo hivyo.

Mjomba akatafuna mara moja, akatemea kiganjani.

"Nuru, kunde hizi umezipikia maji gani?"

"Ya Kassimu, mjomba. Ya madini."

"Kisima chetu ndicho kinachogomesha kunde namna hii, hata sabuni haitoi povu. Wanawake wanakikimbia. Anayekuja kuchota siku hizi ni kijana mmoja wa bajaji, anasema anamwagilia bustani. Hebu mwiteni huyo bwana harusi."

Kassimu alikuwa nje, ndani ya kanzu mpya, akifuta vumbi kwenye bajaji. Alipoingia tu, mjomba akapiga paja.

"Ndiye huyu!"

"Mjomba, lori linaloniletea maji ya milimani lilikwama masika, wateja wananipigia... Lakini madini yamo! Si hata nyie mmeyanywa maisha yenu yote?"

"Tumeyanywa bure!"

Nuru alikuwa akivitazama viganja vya mama yake, jinsi vilivyopauka.

Posa ikarudishwa. Kliniki, damu ya mama ikapimwa, imeshuka zaidi. "Mama yangu," nesi akamwambia, "hata maji ya madini ya kweli, madini yake ni kidogo sana. Damu inatafutwa kwenye sahani."

Jioni simu ikaita.

"Nuru, roho yangu. Nilidanganya kwa kuogopa kukupoteza."

"Lori kukwama nimesamehe, Kassimu. Hata maji nimesamehe."

"Basi turudiane, mpenzi."

"Ulikaa kwenye mkeka wetu, ukamshikia mama kikombe, ukamwambia damu itarudi. Na ulijua umechota wapi. Kesho tukizaa, mtoto akiugua, ukaniambia amepata nafuu, nitakuaminije?"

Kassimu akasikika akivuta kamasi.

"Nakupenda, Nuru."

"Najua. Mimi pia nakupenda." Akakata.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka jikoni, akikoroga kisamvu chenye dagaa.

Nuru akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Muuza maji, mama. Nimemwambia hatuhitaji."