Gauni Jekundu la Saizi Nane

Walikutana kwenye foleni ya ofisi ya vifurushi, Jumatatu asubuhi, watu wamebanana, kila mmoja na mzigo wake na hasira zake. Mshonaji alikuwa na mifuko mitano ya magauni, mwenyewe amevaa sketi nyeusi iliyopauka, nyuzi zimemganda mpaka kiunoni. Nyuma yake kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi, alikuwa anachungulia mifuko bila haya.

"Dada, magauni haya unayauza wapi?"

"Kwenye simu. Mtu anauliza bei, namjibu, ananyamaza."

"Wanaonyamaza ni wengi?"

"Kwani wewe mpelelezi?"

"Natengeneza maduka ya mtandaoni. Hao wanaonyamaza ndio kazi yangu."

Mshonaji akacheka, akampa namba ya simu. Baada ya wiki tatu duka lilikuwa hewani na wao wameshapendana, na msiniulize kipi kilitangulia. Kijana alimfundisha kila kitu. Picha iwe safi. Gharama ya kutuma mzigo isifichwe. Mteja asihojiwe kama yuko kituo cha polisi. Na kitufe cha kununua kionekane bila kutafutwa! Alivyokisema mno hicho kitufe, mshonaji akambandika jina: Kitufe. Yeye akamwita Pindo.

"Pindo wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeacha kuitazama hiyo kompyuta?"

"Naitazama, lakini naona sura yako."

"Muongo mkubwa wewe!"

Wageni waliokuwa wanapita tu wakaanza kununua. Mama mdogo wa mshonaji, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyesoma oda na kufunga vifurushi. Sasa siku moja mama mdogo alikwenda mji wa jirani kupimwa macho, arudi kesho yake, mshonaji akafungua oda mwenyewe. Laiti angeziacha!

Oda ya kwanza ilikuwa ya gauni jekundu la hariri, kazi yake bora kuliko zote. Mnunuzi: Kitufe. Lipelekwe kwenye nyumba ya mtaa asioujua. Saizi: nane. Na ujumbe: "Kwa mpenzi wangu wa pekee. Jumapili ulivae, nina neno la kukuambia."

Mshonaji huvaa kumi na sita. Alisoma mara nne, damu ikamchemka.

"Ahaa! Kumbe ana kimbaumbau chake huko! Na mimi ndiye nikishonee!"

Angepiga simu tu akauliza. Wapi! Hakutaka maelezo, alitaka mtu aumie. Alijua pa kumpiga. Kesho yake saa nne asubuhi Kitufe alikuwa na miadi na mkurugenzi wa kampuni ya viatu, kazi aliyoisubiri mwaka mzima, na duka la kuonyesha kama mfano lilikuwa hili hili.

Asubuhi hiyo, saa tatu na nusu, mshonaji aliketi, akaingiza neno la siri, akayapindua mafunzo yote. Picha safi akazitoa, akaweka za ukungu. Gharama ya kutuma akaizika ukurasa wa mwisho. Kabla ya mtu kununua chochote akaweka maswali kumi na moja. Kitufe cha kununua akakishusha chini kabisa.

Saa nne, mkurugenzi, mama wa miwani mikubwa, aligeuziwa kompyuta.

"Jaribu kununua mwenyewe, mama," Kitufe akasema, kifua mbele.

Mama akatafuta, akatafuta. "Kitufe cha kununua kiko wapi? Na mbona linaniuliza shule niliyosoma?"

Kitufe akainama kutazama, jasho likamtoka.

"Asante kwa kuja, kijana," mama akasema, akavua miwani.

Alipotoka tu, Kitufe akapiga simu. "Pindo, umeligusa duka?"

"Nimeligusa. Umelionaje?"

"Wamenifukuza! Nimekukosea nini?"

"Muulize huyo wako wa saizi nane!"

Mshonaji akakata. Simu ikalia mara sita, akaifunika kwa kitambaa, na sitawadanganya, alisikia raha moyoni kama aliyekunywa maji ya baridi.

Saa saba mama mdogo akarudi kutoka safari yake. "Ile oda ya mkwe umeiona? Maskini, alinisihi usiione."

"Usinitajie! Amemnunulia mwembamba wake."

"Mwembamba gani? Gauni ni lako, mwanangu! Anasema kila zuri unalolishona linaondoka, wewe unabaki na sketi hiyo hiyo. Alitaka liende kwa dada yake, akuchumbie huko Jumapili."

"Mama mdogo, ameandika saizi nane!"

"Aliniambia kumi na sita."

Mshonaji akafungua duka, akalichagua gauni, hakugusa saizi, akabonyeza kununua. Saizi nane. Akarudia. Saizi nane tena. Asiyechagua, duka lilimchagulia ndogo kuliko zote, na fundi mwenyewe aliyelitengeneza alisahau kuchagua. Mshonaji akaketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Kisha akanawa uso, akalirudisha duka kama lilivyokuwa, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

"Mama, ni mimi niliyeharibu. Yeye hana kosa. Mpe kazi yake."

"Nimeshampa mwingine, mkataba umesainiwa," mama akasema. "Mngemalizana nyumbani kwenu."

Akarudi mikono mitupu mpaka chumba cha kazi cha Kitufe. Alimkuta ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, shati la bluu limekunjamana.

"Nimekwenda kwa mkurugenzi. Amekataa."

"Najua. Amenipigia."

"Nisamehe."

"Hukuniuliza, Pindo. Swali moja tu! Ukanipiga kwa yale yale niliyokufundisha mimi."

"Kasirika, ni haki yako."

"Nitakasirika mwezi mzima."

"Nitakuwepo."

"Na nisikuone leo ukijitia unalia hapa."

"Silii," akasema, na machozi yanatiririka.

Kitufe akamrushia leso. "Na bado nataka kukuoa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote."

Akamsogezea kiti kwa mguu, bado amenuna, naye akaketi.